Deva si Mungu, Wala si Shetani



Ni nadra kwetu sisi walimu wa huku Iyolwa kushika kalamu kwa hasira. Kazi ya kufundisha Kiswahili katika sehemu hizi za Tororo na Busia yataka saburi, maana lugha hii ilitufikia mara nyingi ikiwa kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na mpaka leo wapo wazazi wanaoisikia kwa sikio la woga. Walakini jambo lililotukuta muhula uliopita limetushinda kulinyamazia, na kwa kuwa ukurasa huu ni wa walimu, tumeona ni hapa hasa linapopasa kusemwa.

Ilikuwa hivi. Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari insha juu ya Ashoka, mfalme wa ukoo wa Maurya aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi tangu mwaka 268 hivi hata mwaka 232 kabla ya Kristo. Mwanafunzi mmoja, kijana mtulivu asiyekosa shule hata siku za mvua, aliandika kwamba mfalme huyo alijiita katika maandishi yake ya mawe "Mpendwa wa Mashetani". Tukalizungushia neno hilo wino mwekundu. Kesho yake kijana akaja na karatasi mkononi, akasema kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, ndivyo ilivyo katika orodha."

Na ndivyo ilivyokuwa. Orodha ya istilahi za dini na historia, iliyotungwa na kamati moja ambayo hatutaitaja, ilikuwa imeandika: "Deva: shetani, mungu wa uongo." Tukaendelea kusoma chini, na hapo ndipo damu ilipotuchemka. "Were: mungu wa kipagani." "Bura: shetani." Kijana aliyesimama mbele yetu ni mjukuu wa watu waliomwomba Were kila walipotoka nyumbani na kila waliporudi. Kwa mistari mitatu ya orodha, mfalme wa Uhindi na bibi yake mzaa baba walikuwa wametiwa katika gunia moja na kutupwa motoni, na aliyepewa kazi ya kulifunga gunia hilo ni mwalimu wa Kiswahili.

Tunasema kwamba tafsiri hiyo ni kosa. Ni kosa la elimu kabla hatujafika kwenye kosa la adabu.

Neno deva ni la Kisanskriti na la Kipali, na asili yake ni kung'aa, mng'ao wa mbingu. Katika vitabu vya Kibudha deva ni kiumbe aliyezaliwa mahali pa raha kwa ajili ya matendo mema aliyoyatenda zamani. Anaishi miaka mingi isiyo na hesabu kwa akili zetu, lakini anaishi na kufa. Hakuumba ulimwengu. Yumo katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa kama sisi, na matendo yake yakiisha thamani huanguka. Mkuu wa madeva thelathini na watatu anaitwa Sakka, na hata yeye ni kama mwenye cheo kuliko mwenye enzi ya milele: Sakka mmoja akifa, mwingine hushika nafasi yake. Mapokeo ya Wabudha yasimulia kwamba Sakka alikuwa zamani mwanakijiji mmoja wa nchi ya Magadha, jina lake Magha, ambaye pamoja na wenzake thelathini na wawili walisafisha njia, wakafukia mashimo na kujenga nyumba ya wasafiri ya kupumzikia. Kwa kazi hiyo wakazaliwa mbinguni. Sisi tuliokulia Uganda tunaijua kazi hiyo kwa jina la bulungi bwansi, na tunakumbuka jinsi tulivyoikimbia. Hatukujua kumbe tulikuwa tukiukimbia utawala wa mbinguni!

Ati huyo ndiye shetani? Mtengeneza barabara?

Lakini kumwita Mungu nako si sawa, na hapa tunawageukia wale wenzetu wema ambao, kwa kuikataa orodha ile, walipendekeza tuandike "Mpendwa wa Mungu". Nia yao ni njema. Neno lao linapotosha vilevile. Mungu wa Kiswahili, awe msikitini au kanisani, ni Muumba, ni mmoja, hazaliwi wala hafi. Wabudha wenyewe wana kisa katika mafundisho ya kale juu ya Brahma mkuu: dunia ilipoanza upya alizaliwa wa kwanza katika jumba tupu la mbinguni, akakaa pekee muda mrefu, akatamani wenzake; na wengine walipozaliwa baada yake, akadhani kwamba ni tamaa yake iliyowaumba, nao wakadhani hivyohivyo. Mtu anayesimulia kisa hiki hamwamini deva kuwa Muumba. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Ashoka alipendwa na "Mungu", atamwona kama Daudi wa Biblia, na hatakuwa amejifunza lolote kuhusu Uhindi.

Sasa tuje kwenye wafalme, kwani hapo ndipo orodha ile ilipovuruga mambo zaidi. Jina ambalo Ashoka alilitumia katika maandishi yake mengi ya miambani na nguzoni ni Devanampiya Piyadasi, yaani Mpendwa wa Madeva, Mwenye Kutazama kwa Wema. Jina lake la Ashoka halikuonekana kwenye miamba mingi. Mwaka 1837, maandishi hayo yaliposomeka tena baada ya karne nyingi, wataalamu walilazimika kuuliza ni mfalme gani huyu, na historia za kisiwa cha Lanka ndizo zilizowasaidia kumtambua. Uthibitisho ulikuja mwaka 1915, pale mwamba wa Maski ulipopatikana ukiwa na jina Asoka lenyewe. Tena Devanampiya halikuwa lake peke yake. Mfalme wa Lanka wa wakati huohuo, Tissa, aliitwa hivyo pia. Basi lilikuwa jina la heshima la kifalme, kama tusemavyo mstahiki au mheshimiwa, wala si tangazo kwamba mwenye nalo ni mungu. Na majina ya heshima huchakaa: wanasarufi wa Kisanskriti wa zama za baadaye waliandika kwamba neno hilohilo, mpendwa wa madeva, lamaanisha mpumbavu. Wenzetu wanaopenda kuitwa waheshimiwa walitafakari jambo hilo!

Wafasiri wa wakati wa Ashoka mwenyewe walikuwa waangalifu kuliko sisi. Huko Kandahar, Afghanistani, yalipatikana mwaka 1958 maandishi yake yaliyochongwa kwa lugha mbili, Kiyunani na Kiaramu. Mfasiri wa Kiyunani alikuwa na miungu tele ya kwao ya kutumia. Hakuitumia. Aliliacha neno Devanampiya kabisa, akaandika "mfalme Piodasses", yaani akalichukua jina Piyadasi kama lilivyo na kulipa mwisho wa Kiyunani.

Baada ya Maurya, wafalme wa Kushani walijiita devaputra, mwana wa deva. Maandishi ya Rabatak, yaliyopatikana Afghanistani mwaka 1993, yanamtaja Kanishka kwa cheo cha mfalme wa wafalme na mwana wa mungu kwa lugha ya Kibaktria. Katika maandishi mengine ya Kikushani, yale ya Ara, husomwa vyeo vinne kwa mfululizo: maharaja, rajatiraja, devaputra, kaisara, kimoja cha Uhindi, cha pili chenye sura ya Uajemi, cha tatu ambacho wengi hukilinganisha na Mwana wa Mbingu wa Uchina, na cha nne cha Rumi. Mfalme alikaa njia panda, akachukua kofia ya kila mpitaji. Hilo la mwisho sisi pia tunalo, maana Biblia yetu ya Kiswahili inamwita mtawala wa Rumi Kaisari. Hakuna aliyependekeza kulifasiri.

Na katika Kisanskriti cha ikulu na cha michezo ya kuigiza, watumishi wakimwita mfalme humwita "deva", na malkia huitwa "devi". Je, walimwabudu? Sheria za Manu zasema kwamba mfalme asidharauliwe, hata akiwa mtoto, kwa sababu ni uungu mkubwa uliovaa umbo la mtu. Ndiyo, wapo waliosema hivyo. Lakini Wabudha wa Kipali walilichambua neno hilo kwa ufundi ambao mwalimu yeyote wa lugha angeuonea wivu. Walisema madeva ni wa namna tatu: wapo madeva kwa kuzaliwa, hao wa mbinguni; wapo madeva kwa utakaso, hao ni Mabudha na watakatifu waliozima tamaa; na wapo madeva kwa makubaliano, nao ni wafalme, malkia na wana wao. Kwa makubaliano, ndugu zangu! Watu wamekubaliana kumwita hivyo, basi anaitwa hivyo. Neno lao la makubaliano, sammuti, lina shina moja na jina la mfalme wa kwanza wa dunia katika masimulizi yao, Mahasammata, Aliyekubaliwa na Wengi, ambaye watu walimchagua awaamue ugomvi wa mashamba, wakamlipa sehemu ya mpunga wao. Tumesoma katika vyuo kwamba mikataba ya watawala na watawaliwa ilibuniwa Ulaya. Labda hatukusoma vya kutosha.

Mtu asidhani mambo haya ni ya mbali. Tokeni hapa Iyolwa mwende magharibi hata Bunyoro, mtamkuta mfalme anayeitwa Omukama. Na fungueni Biblia ya Kiganda, mtamkuta Bwana Mungu akiitwa Mukama. Neno moja, viti viwili. Omukama huyohuyo husifiwa kwa jina Rukirabasaija, awapitaye wanaume, na masimulizi ya huko yanawataja Bachwezi, akina Ndahura na Wamara, waliotawala kama wafalme, wakatoweka, kisha wakaombwa kama roho. Hakuna Mnyoro mwenye akili timamu anayechanganya Omukama wa Hoima na Mukama wa mbinguni. Anajua ni makubaliano. Pwani nako, Sultani wa Unguja aliitwa Maulana, na Maulana ni Mola wetu. Mwenyezi Mungu mwenyewe tunamtaja kwa cheo cha kifalme, mwenye enzi, na kiti anachokalia mfalme tunakiita kiti cha enzi. Na sisi wa mpakani tuliokuwa tukisikiliza redio ya Kenya kati ya mwaka 1978 na 2002, ni nani asiyekumbuka kila taarifa ya habari ikianza kwa "Mtukufu Rais"? Utukufu huo huimbwa makanisani. Angekuja mgeni kutoka Lanka akaandika katika orodha yake kwamba Wakenya walimwabudu rais wao, tungemcheka, au tungemkasirikia. Basi na Wahindi wana haki ya kutukasirikia.

Tuingie katika sarufi, maana ndiyo kazi yetu. Mungu ni mmoja naye huchukua upatanisho wa mtu: Mungu anajua. Wakiwa wengi wanakuwa miungu, na tunaandika "miungu mingine", "miungu hiyo", kama tunavyoandika miti mingine na mizigo hiyo. Yaani mtu wa dini nyingine akishaongeza mmoja tu, sarufi yetu inawatoa wote katika ngeli ya watu na kuwapanga pamoja na magogo. Mwenzetu mmoja alitukosoa hapa, naye alikosoa kwa haki: alisema neno Mulungu katika lugha nyingi za Kibantu lilikuwa katika ngeli hiyo tangu zamani, na kwamba hakuna aliyekusudia kutukana. Tumekubali. Lakini mwanafunzi hasomi historia ya ngeli. Anasoma "miungu hiyo", na anaona magogo.

Je, tuseme malaika? Wengi huona ni neno safi. Malaika wa Waislamu ameumbwa kwa nuru, haasi, haoi. Madeva wana wake, wana vita na maadui wao maasura, wana wivu, na huchukuliwa na starehe hadi wakasahau mwisho wao. Ukitaka kusema kweli, aliyekaribia deva katika hazina yetu ni jini: naye huzaliwa, huoa na kufa, na wapo majini waumini na wasioamini. Tunajua kwamba tukiandika "Mpendwa wa Majini" tutafukuzwa kazi sote, na itakuwa ni halali yetu, maana neno hilo lina harufu yake. Tumelitaja tu kuonyesha kwamba hata katika mafungu yanayofanana kuna mipaka, na kwamba jirani akilichukua neno la jirani anaweza kuligeuza kabisa. Waajemi wa kale walikuwa na neno lilelile la asili moja na deva, daeva, na katika dini ya Zarathustra likawa jina la roho waovu. Huenda kamati yetu ilifungua kamusi ya upande usiokuwa wake wa mpaka. Sisi wa Busia, mji wenye jina moja kwa nchi mbili, tunajua jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa halali upande huu na magendo upande ule.

Hatari ya kufasiri miungu ya watu ovyo haikuanza leo. Marehemu Okot p'Bitek alieleza jinsi wamisionari walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewafinyanga, na wazee, ambao hawakuwa na habari ya kufinyangwa, wakakumbuka roho inayomkunja mtu mgongo akawa na kibiongo, wakamtaja Rubanga. Jina hilo likaandikwa vitabuni kuwa jina la Muumba, na hadi leo Waacholi humwomba Mungu kwa jina hilo. Okot alikuwa Mluo wa kaskazini, nasi majirani zetu Wapadhola ni Waluo pia. (Wengine huandika Wajopadhola, hilo Jo- tayari ni "watu", kwa hiyo wanasema watu-watu-wa-Padhola. Tuliache.)

Na Wapadhola, walipokuwa wakiongea wenyewe kwa wenyewe, walijua kupambanua. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, aliyeandika historia yao, alionyesha kwamba walimtaja Were wa uani, mlinzi wa nyumba, na Were wa porini, mwongozi wa mtu katika safari, uwindaji na vita. Tena ibada ya Bura iliyoenea katika karne ya 19 iliziunganisha koo ambazo hazikuwa na mfalme, na kiongozi wake Majanga akawa na sauti iliyovuka mipaka ya ukoo wake. Hiyo ni historia ya siasa na ya dini kwa pamoja, inayostahili muhula mzima wa masomo. Orodha inaimaliza kwa neno moja: shetani.

Tazameni pia jina Were lenyewe. Wapadhola ni Waluo, Wasamia na Wanyole ni Wabantu. Lugha zao hazisikilizani. Hata hivyo wote humtaja Were, na ng'ambo ya mpaka Waluhya wengi vilevile. Wazee hao hawakuunda kamati. Mmoja alilipokea jina kutoka kwa mwingine, akalitamka kwa ulimi wake, akaendelea kuomba. Huo ndio ufundi tunaoupendekeza: tuseme deva, wingi madeva, na upatanisho wa watu, deva huyu, madeva hawa, kama tusemavyo malaika huyu na malaika hawa. Ashoka awe Mpendwa wa Madeva. Were aandikwe Were, kwa herufi kubwa, kama jina la mtu yeyote mwenye heshima, na Bura vivyo hivyo.

Tumejibiwa kwamba watoto wa Iyolwa hawana haja na madeva. Tungependa kujua ni nani aliyepima haja zao. Wahindi walikuwa na maduka Tororo kabla ya kufukuzwa mwaka 1972, na wengi wetu tulijifunza kuhesabu fedha mbele ya meza zao bila kujua hata neno moja la dini yao. Dar es Salaam lipo hekalu la Wabudha tangu enzi za Waingereza, na Entebbe kipo kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa ambaye ni Mganda. Tumejibiwa pia kwamba kutaja miungu ya wengine kwa heshima ni kuwayumbisha waumini. Sisi wenyewe ni waumini, wengine wa msikiti, wengine wa kanisa. Imani inayotikiswa na herufi kubwa ilikuwa imesimama juu ya nini?

Liko jambo moja zaidi. Tangu mwaka 1999 Wapadhola wana kiongozi wao wa mila chini ya Tieng Adhola, mwenye cheo cha Kwar Adhola, na tumesikia watangazaji wakimwita kwa Kiswahili "Mfalme wa Wapadhola". Adhola ni mzee wa asili. Cheo hicho chamfunga mwenye nacho kwa ukoo wa Adhola, hakimkalishi juu ya mbingu wala juu ya kiti cha enzi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo humtaja mtu wa namna hii kuwa kiongozi wa jadi au wa utamaduni. Watu waliokaa miaka mingi bila mfalme walikaa chini wakakubaliana. Kama Wabudha wale wa Kipali wangeulizwa cheo hicho ni cha namna gani, nadhani hawangesita. Basi aitwe Kwar Adhola, kwa Kiswahili kama kwa Kidhopadhola.

Orodha ile tumeirudisha kwa kamati tukiwa tumekata mistari mitatu kwa kalamu na kuandika mapendekezo yetu pembeni. Mpaka tunapoandika haya hatujapata jibu. Kijana wetu naye tumemrudishia alama mbili alizonyang'anywa, kwa sababu alifuata alichopewa, na tumemwomba aiandike insha upya. Ameileta Jumatatu. Katika ukurasa wa pili ameuliza kama Magha, yule mtengeneza barabara, alikuwa na mke, na mke huyo alizaliwa wapi. Tunasoma ili tupate kumjibu.